Mistari Miwili, Reli Moja: Utatuzi wa Milinganyo kwa Njia ya Grafu

Mwanafunzi wa sekondari wa Rusimbi, mjini Kigoma, hufundishwa kuchora mistari miwili katika karatasi ya miraba, kutia alama pale inapokatana, kisha kuandika thamani ya x na thamani ya y. Akishamaliza hufunga daftari. Ni wachache wanaoambiwa kwamba kazi hiyo hiyo ni ya kila siku kwa wasimamizi wa mwendo wa treni, na kwamba kwao kosa la penseli halisahihishwi kwa wino mwekundu.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwezi Februari mwaka 1914. Kutoka Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250, na kutoka Tabora zipatazo 410. Njia hiyo, ambayo upana wake ni mita moja, ni njia moja tu: treni iendayo mashariki na ile ijayo magharibi hupita juu ya chuma kile kile. Haziwezi kupishana popote pale. Sharti moja iingie katika njia ya pembeni ya stesheni na kungoja nyingine ipite. Basi msimamizi ana mambo mawili asiyoyajua: zitakutana wapi, na saa ngapi? Kwa mambo mawili yasiyojulikana huhitajiwa milinganyo miwili.

Tuchukue mfano, ambao mwendo wake na saa zake ni za kujifunzia tu. Treni ya abiria yaondoka Kigoma saa 12 jioni, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Treni ya mizigo yaondoka Tabora saa 2 usiku, kwa kilomita 30 kwa saa. Tuseme y ni umbali kutoka Kigoma kwa kilomita, na x ni saa zilizopita tangu saa 12 jioni. Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ndogo: kwa kuwa sisi huanza kuhesabu saa za usiku jua linapotua, x ni saa yenyewe kama tuisemavyo. Pale x ilipo 2, ni saa 2 usiku.

Mlinganyo wa treni ya abiria ni y = 40x. Treni ya mizigo huanzia kilomita 410, na kila saa humpunguzia Kigoma kilomita 30; kwa hiyo y = 410 – 30(x – 2), yaani y = 470 – 30x.

Chora mhimili wa mlalo kwa kipimo cha sentimita 2 kwa saa moja, na mhimili wa wima kwa sentimita 1 kwa kilomita 20. Mstari hupatikana kwa nukta mbili, lakini weka daima ya tatu, kwa maana nukta mbili zenye kosa nazo huunganishwa na rula bila kulalamika. Kwa treni ya abiria tumia (0, 0), (5, 200) na (10, 400). Kwa treni ya mizigo tumia (2, 410), (5, 320) na (8, 230). Mstari wa kwanza wapanda, wa pili washuka, nayo hukatana karibu na saa 6 na dakika 40, kilomita kama 270 kutoka Kigoma. Kwa hesabu ya aljebra, 40x = 470 – 30x, hivyo x ni 6.71 na y ni kama 268.6. Grafu haikukosea mbali.

Lakini kilomita 268.6 yaweza kuwa katikati ya pori. Tuseme stesheni za jirani ziko kwenye kilomita 250 na 290. Chora mistari miwili ya mlalo kwenye umbali huo. Kwenye 250, abiria watafika saa 6 na robo, na mizigo saa 7 na dakika 20. Abiria watangoja dakika 65. Kwenye 290, mizigo itafika saa 6 kamili na abiria saa 7 na robo. Mizigo itangoja dakika 75. Muda wa kungoja huonekana wazi katika grafu: ni kipande cha mstari kilicholala, kwa sababu saa zapita na umbali haubadiliki. Kwa hesabu tupu, kilomita 250 ndiyo yenye hasara ndogo. Mimi ningechagua 290, kwani magunia hayasinzii wala hayana watoto wa kubeba.

Mistari inayokatana kwa pembe ndogo ni ya kuogopwa. Tuseme treni ya mizigo sasa inatoka Kigoma saa 12 jioni, na ya abiria inaifuata saa 2 usiku, kwa mwendo ule ule wa mwanzo. Milinganyo ni y = 30x na y = 40x – 80; abiria wataifikia mizigo saa 8, kilomita 240. Sasa fanya treni ya abiria iende kilomita 39 kwa saa badala ya 40. Mahali pa kukutana pataruka hadi kilomita 260! Katika mfano wa kwanza, badiliko hilo hilo husogeza jibu kwa kilomita 3 tu. Unene wa penseli una madhara ya namna hiyo hiyo. Na kama miendo ingekuwa sawa kabisa, mistari ingekuwa sambamba, na jibu lisingekuwapo.

Grafu za namna hii si ngeni. Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1878 ile ya treni za kati ya Paris na Lyon, aliyoitaja kuwa ni kazi ya Ibry. Faida yake kuu ni kwamba treni nyingi za siku nzima huonekana katika karatasi moja, ambapo aljebra hushughulikia jozi moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, mstari ulionyooka hudai mwendo usiobadilika, na hilo ni dhana tu. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ya Reli ya Kati ilishindwa kupanda mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Mstari wa kurudi nyuma haukuwamo katika grafu yoyote, maana hakuna apangaye safari ya breki zilizoshindwa.

Zoezi: Katika mfano wa kwanza, treni ya abiria imechelewa kuondoka Kigoma kwa dakika 45. Chora mstari wake mpya, kisha uamue treni zipishane stesheni ipi, na ipi ingoje kwa dakika ngapi. Mistari yako ikikatana mbali na kilomita 256, kagua nukta ya tatu.