Mtakatifu Patrisi: Mtumwa Aliyerudi kwa Waliomteka



Wapendwa familia za jumuiya yetu, tarehe 17 Machi inakaribia. Hapa Marekani watoto wetu watarudi kutoka shuleni na majani ya karatasi ya kijani vifuani, na wengine watauliza kwa nini asiyevaa kijani anafinywa na wenzake. Sikukuu hii huangukia ndani ya Kwaresima, basi tuitumie kumjua vizuri Mtakatifu Patrisi, msimamizi wa nchi ya Ireland.

Hadithi zinazosimuliwa

Inasimuliwa kwamba Patrisi alifunga siku 40 juu ya mlima, kisha akawafukuza nyoka wote wa Ireland hadi baharini. Ni kweli kwamba kisiwa kile hakina nyoka wa asili, lakini sababu yake ni baridi kali ya enzi ya barafu, na bahari iliyokizunguka kisiwa baadaye. Wengi huichukua hadithi hiyo kama mfano wa Injili kushinda uovu.

Inasimuliwa pia kwamba alifundisha Utatu Mtakatifu kwa kutumia shamroki, mmea mdogo wenye majani matatu katika kikonyo kimoja. Katika maandishi yake Patrisi hautaji mmea huo. Hadithi hiyo ilianza kuandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya kifo chake. Tunaweza kuwasimulia watoto hadithi hizi kwa furaha, mradi tuwaambie kuwa ni hadithi.

Aliyoyaandika mwenyewe

Patrisi aliishi katika karne ya 5, na maandishi yake mawili yamebaki hadi leo: Ungamo lake na barua moja. Alizaliwa Uingereza. Baba yake, Calpornius, alikuwa shemasi, na babu yake alikuwa padre. Hata hivyo anasema ujanani hakumjali Mungu.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 16, watekaji walimchukua pamoja na maelfu ya watu wengine, wakampeleka Ireland. Huko alichunga mifugo kwa miaka 6, katika mvua na theluji. Upweke ule ulimfundisha kusali. Anasema alikuwa akisali mara mia mchana na karibu idadi hiyo hiyo usiku. Kisha usingizini akasikia sauti ikimwambia kuwa meli yake iko tayari. Akatoroka, akatembea safari ya maili kama 200 hadi pwani, akapata chombo, na mwishowe akafika kwao.

Wazazi wake walimsihi asiondoke tena. Lakini katika ndoto alimwona mtu akimletea barua nyingi kutoka Ireland, akasikia watu wa kule wakimwomba arudi kutembea kati yao. Akarudi, safari hii akiwa askofu, kuwahubiria watu wa nchi iliyomfanya mtumwa.

Jinsi siku yake inavyoadhimishwa

Nchini Ireland, tarehe 17 Machi, siku inayokumbukwa kuwa ya kifo chake, ni sikukuu ya Kanisa na pia ni sikukuu ya taifa tangu 1903. Watu huenda Misa wakiwa na shamroki kifuani. Kwa miaka mingi katika karne ya 20 baa zilifungwa siku hiyo. Na Jumapili ya mwisho ya Julai mahujaji hupanda mlima Croagh Patrick, wengine miguu mitupu.

Magwaride tunayoyaona hapa yamekuzwa na wahamiaji. Gwaride la New York lilianza 1762. Watu waliokuwa mbali na kwao walitembea pamoja barabarani ili wasisahau walikotoka. Hilo sisi tunalielewa bila kufafanuliwa.

Imani ile ilifika hata kwetu. Tarehe 17 Machi 1932 ilianzishwa huko Ireland Jumuiya ya Kimisionari ya Mtakatifu Patrisi, ambayo mapadre wake walitumika Kitui na Turkana nchini Kenya.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kuhusu lugha. Patrisi aliona haya kwa sababu utekwa ulimkatizia masomo, na Kilatini chake hakikuwa cha wasomi. Aliandika hivyo hivyo. Mzazi anayeogopa kusema mbele ya mwalimu wa mtoto wake kwa kuwa Kiingereza chake kinakwama, amkumbuke askofu huyu.

Pili, kuhusu msamaha. Kati yetu wapo waliokimbia vita, na kuna majina ambayo bado hayatajiki mezani. Patrisi aliwarudia watu wale kwa upendo. Lakini askari wa mtawala aitwaye Coroticus walipowaua na kuwateka Wakristo waliokuwa wamebatizwa punde tu, wakiwa bado na mavazi meupe, hakunyamaza. Alidai mateka waachiwe, na akawaonya waamini wasile wala kunywa na watu hao mpaka watubu. Kwake, kusamehe hakukuwa kuuita uovu jambo dogo. Anayeomba neema ya kusamehe anaweza pia kudai haki, na asione kuwa imani yake imepungua.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Tusome Mwanzo 45:1-15. Yosefu na Patrisi wanafanana wapi, na wanatofautiana wapi?
2. Ni sala gani iliyotushika mkono tulipokuwa wapweke katika nchi hii? Wazazi wawasimulie watoto.
3. Je, yupo mtu ambaye tunahitaji neema ili tumwombee Kwaresima hii?

Mtakatifu Patrisi, utuombee.