SOMO LA SOKO: Rupia ya Mjerumani isisuguliwe

Baada ya bei za mahindi na mpunga, leo tuangalie bidhaa isiyo na siku ya gulio: sarafu za kale za fedha. (Kiswahili chetu huita madini na pesa kwa jina hilo hilo moja, na wauzaji wengi huchanganya thamani zake pia.)

Tuseme mkulima wa Kaoze amefukua shambani rupia ya Mjerumani, nyeusi kama chungu. Anaisugua kwa majivu hadi ing'ae, kisha anaipeleka Sumbawanga mjini akitarajia bei nzuri. Tayari amejipunja.

Rupia hizo zilianza kutolewa mwaka 1890 na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Za baadaye zina maneno Deutsch Ostafrika. Upande wetu Wajerumani walikuwa na boma Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Rupia moja ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, asilimia 91.7 ikiwa fedha, sawa na gramu 10.7 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo, utapata thamani ya chini kabisa. Sonara atakata faida yake humo.

Mkusanyaji hatazami gramu. Anatazama mwaka, alama ya kiwanda (A ni Berlin, J ni Hamburg) na hali ya uso wa sarafu. Ule weusi ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani au ya moshi, na hauli sarafu kwa haraka. Majivu, mchanga, dawa ya meno na stilwaya huchora mistari midogo isiyofutika. Mkusanyaji akiiona chini ya lenzi anashusha bei, na rupia adimu inaweza kurudi kwenye mzani wa sonara.

Wapo wanaotumia karatasi ya alumini, maji ya moto na bikaboneti ya soda. Njia hiyo hurudisha salfidi kuwa fedha bila kusugua, na kwa vijiko na bangili inafaa. Kwa sarafu huacha weupe uliopooza ambao mzoefu huutambua mara moja.

Udongo tu ndio uondolewe: loweka katika maji safi yenye sabuni laini kidogo, suuza, kausha kwa kugandamiza kitambaa cha pamba. Shika kwenye ukingo. Usifunge kwa mpira wa manati wala usihifadhi katika plastiki laini.

Shilingi za Afrika Mashariki za 1921 hadi 1946 ni hesabu nyingine: robo tu ndiyo fedha, na ukizisugua sana hugeuka manjano. Za 1948 na kuendelea hazina fedha kabisa, hata zing'ae vipi.

Ukifika kwa mnunuzi, mwulize kwanza: ananunua kwa gramu au kwa hali? Akishika mzani kabla ya lenzi, umeshajua bei yake.