Onesiforo Alimtafuta Mpaka Akampata

Andiko la somo: 2 Timotheo 1:16–18. Soma pia Waebrania 13:3 na Matendo 24:22–27.

Jumapili katika ibada ya pili nilitaja drama moja ya televisheni kutoka Australia, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Wengine wanataka jina, wengine wanauliza mchungaji huwa anaangalia Netflix saa ngapi. Inaitwa Stateless, yaani mtu asiye na taifa la kumtambua. Ni vipindi sita, ilitoka mwaka 2020, na mwigizaji Cate Blanchett ni mmoja wa walioibuni. Nawaonya mapema: si ya kuangalia na watoto. Kuna matusi, kuna kupigana, na kuna mambo ya unyanyasaji yatakayomuumiza mtu aliyeyapitia. Mimi na mke wangu tuliimaliza kwa siku tatu, na usiku wa mwisho hatukuongea sana.

Hadithi yenyewe iko ndani ya kituo cha kuzuilia wahamiaji, huko jangwani. Ameer ni baba kutoka Afghanistan aliyeikimbia nchi yake na mke na mabinti wawili, wakatapeliwa na wasafirishaji, wakatenganishwa baharini. Cam ni kijana wa hapo karibu, ana mke na watoto, amechukua kazi ya ulinzi kwa sababu inalipa vizuri kuliko kazi nyingine yoyote mjini kwao. Clare ni afisa wa serikali aliyetumwa kukinyoosha kituo baada ya watu kupanda juu ya paa na picha kuonekana kwenye habari. Halafu kuna Sofie. Sofie ni mhudumu wa ndege, mkaazi halali wa Australia, hana kesi yoyote ya uhamiaji. Alitoka kwenye kikundi fulani kilichomvunja moyo na akili, akajipa jina la mtu mwingine, akajiita mgeni. Na wale wenye funguo wakamwamini.

Ukiangalia kipindi cha kwanza utasema shida ni ule ua wa waya. Endelea kidogo. Shida ni kalenda. Mtu aliyefungwa Kamiti miaka mitatu anajua tarehe yake. Anahesabu, anatia alama ukutani, mama yake naye anahesabu huko nyumbani. Watu wa kituo kile hawajahukumiwa na mahakama yoyote na hawana tarehe. Kila asubuhi ni kungoja jina lisomwe, na halisomwi.

Na hili halikubuniwa kwa ajili ya televisheni. Australia ilipitisha sheria ya kuwazuilia kwa lazima watu wanaofika bila visa mwaka 1992. Mwanzoni iliwekwa mipaka ya siku 273. Mwaka 1994 mipaka ile ikaondolewa. Mwaka 2004 mahakama yao ya juu kabisa, majaji wanne dhidi ya watatu, ikaamua kwamba hata mtu asiye na nchi ya kumpokea anaweza kuendelea kuzuiliwa bila kikomo. Uamuzi huo ulikaa miaka 19. Ulibatilishwa Novemba 2023. Hebu fikiria umezaliwa mahali ambapo hukupewa uraia, umefika mahali pengine ambapo hawakutaki, na hakuna ndege ya kukurudisha kwa sababu hakuna pa kukurudisha. Kwa hiyo unakaa.

Paulo aliujua mtindo huu. Ukisoma Matendo 24 utaona Feliki hakumkuta na hatia ya kumfunga, na hakumwachilia. Alikuwa akimwita mara kwa mara wazungumze, Luka anasema alitarajia kuona pesa mezani. Miaka miwili ikapita hivyo. Feliki akahamishwa, akamwacha Paulo ndani ili kuwafurahisha watu. Hakuna hukumu hapo, wapendwa. Kuna faili tu ambayo hakuna mtu alitaka kuifunga. Lakini angalia mstari wa 23: aliagiza rafiki za Paulo wasizuiwe kumhudumia. Shikilia huo mstari, tutaurudia.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, kwa hiyo mnisamehe nikiangalia drama kwa jicho la mhasibu. Katika hadithi ile kituo kinaendeshwa na kampuni kwa mkataba, na ndivyo ilivyokuwa katika vituo halisi pia. Tulifundishwa darasani kwamba mfanyakazi hufanya kile unachopima. Sasa, ukipima kama kuna mtu ametoroka na kama waandishi wa habari wamepiga picha, utapata kituo ambacho hakuna anayetoroka na hakuna picha. Kama baba fulani hajalala wiki mbili, hiyo haina safu kwenye ripoti. Cam hakuingia mle akiwa mtu mbaya. Siku ya kwanza anawasalimia watu, anawachekea. Kufikia mwisho mikono yake imefanya mambo ambayo hawezi kumwambia mke wake. Nina ndugu kadhaa hapa kanisani walio kwenye kazi za ulinzi, na nawaomba waje tuongee, si kuwahukumu.

Turudi kwa Sofie, maana hapo ndipo somo lilipo.

Huyu ametokana na mtu wa kweli. Sitamtaja jina, ameteseka vya kutosha. Ni mwanamke mzaliwa wa Ujerumani, mkaazi halali wa Australia, aliyekuwa mgonjwa wa akili. Mwaka 2004 alipatikana kaskazini kabisa mwa jimbo la Queensland, akasema jina lisilo lake, akasema yeye ni mtalii Mjerumani. Akawekwa gerezani kwa miezi kama sita, kisha akapelekwa kituo cha Baxter, karibu na mji wa Port Augusta kule kusini. Jumla miezi kumi hivi. Familia yake ilikuwa imeripoti amepotea. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye orodha ya polisi wa jimbo moja, na yeye mwenyewe alikuwa amefungiwa jimbo lingine kwa jina lingine. Uchunguzi uliofanywa na aliyewahi kuwa mkuu wa polisi wa nchi hiyo ulitoka 2005, nao ukaeleza mambo mengi yaliyokosewa. Baadaye zaidi ya kesi 200 nyingine zikapelekwa kuchunguzwa, za watu ambao huenda walizuiliwa kimakosa. Kulikuwa hata na raia halisi wa Australia aliyefukuzwa nchini kwake mwaka 2001 na kupelekwa Ufilipino.

Sasa sikiliza jinsi alivyopatikana. Serikali ilikuwa na faili, madaktari na kompyuta, na haikumpata. Wafungwa wenzake ndio waliosema, huyu dada ni mgonjwa, hafai kuwa hapa. Watu wenye shida zao, waliongoja visa miaka, ndio waliomtazama. Wakawaambia watu wa nje waliokuwa wakiwasaidia wakimbizi. Watu hao wakapiga kelele, habari ikafika gazetini mwishoni mwa Januari 2005, ikawafikia jamaa zake, nao wakasema huyu ni wetu. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari, alitolewa akapelekwa hospitali.

Onesiforo ni jina ambalo hatulipi watoto wetu, na sijui kwa nini. Paulo yuko Roma kifungoni kwa mara nyingine, wengi wa Asia wamemwacha. Huyu mtu anatoka Efeso, anafika Roma, mji mkubwa usio na ramani wala simu, na anaanza kuuliza. Paulo anaandika kwamba alimtafuta kwa bidii mpaka akampata, na kwamba minyororo yake haikumtia aibu. Fikiria maswali aliyoulizwa. Unamtafuta nani? Mfungwa. Wewe ni nani wake? Kila mara alipotaja lile jina alikuwa anajiweka kwenye orodha na yeye. Hakumfungua Paulo, hakuwa na uwezo huo. Alimpata tu, akamburudisha, na akawa anakwenda mara kwa mara.

Nikiwa hapo lazima niseme jambo langu, kwa sababu sitaki mfikiri ninafundisha kutoka mahali safi.

Aprili 2014 nilikuwa mwanafunzi, nikiishi chumba kimoja kando ya Thika Road. Mnakumbuka wakati ule: mabomu yalikuwa yamelipuka Eastleigh, watu walikuwa na hofu, na maelfu walikamatwa katika msako wa Usalama Watch, wengi wakiwa Wasomali. Uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwakagua na kuwazuilia. Kati yao walikuwemo Wakenya wenye vitambulisho.

Mwenye duka letu alikuwa mzee wa Kisomali, mzaliwa wa Garissa. Sisi wanafunzi tulimwita mkubwa. Alikuwa na daftari la madeni na mimi nilikuwa ndani yake: shilingi 340, mkate, maziwa na kredo. Asubuhi moja duka likawa limefungwa. Jirani akasema mzee amechukuliwa, yuko Kasarani. Matatu yangu ilikuwa inapita njia panda ya kwenda huko asubuhi na jioni. Nilijua alipo, nilijua jina lake, nilijua si gaidi. Na nitawaambia wazo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe: nilifikiria ile 340. Nilihisi nafuu.

Sikwenda. Nilikuwa katika kamati ya maombi ya umoja wa wanafunzi Wakristo, na wiki hiyo tuliombea amani ya nchi kwa sauti kubwa sana.

Aliyekwenda ni mama mboga wa pale nje. Huyu mama hakuwa rafiki wa mzee, walikuwa wanagombania nafasi ya kuweka kreti za nyanya. Lakini mpwa wa mzee aliogopa kutoka nje, kwa hiyo mama alichukua kitambulisho kilichokuwa kimeachwa nyumbani, akakitoa kopi, akabeba chupa ya chai, akafunga kibanda siku mbili. Akarudishwa getini. Akaenda tena. Alichofanya pale getini ni kusema jina la mzee, majina yote matatu, kwa kila askari aliyekubali kusimama.

Mzee alirudi siku ya tisa. Nilimlipa jioni hiyo hiyo. Alihesabu zile pesa, akapiga mstari kwenye daftari, akaniuliza kama shule iko sawa. Hakuna kingine alichoniambia. Lakini kreti za nyanya zilikaa mlangoni kwa duka lake kuanzia siku ile, na mtu yeyote aliyezilalamikia alijibiwa na mzee mwenyewe.

Kwa vikundi vya nyumbani wiki hii: someni Matendo 24:23 polepole, kisha mjiulize ni nani kwenu angeweza kuitwa rafiki anayeruhusiwa kuingia. Wenye nafasi ya kuangalia drama, angalieni kipindi cha kwanza tu mje na jambo moja mliloliona kwa Cam.

Na hili la mwisho si la kujadili, ni la kufanya. Najua kuna nyumba kati yetu zenye binti au kijana aliyekwenda Ghuba kwa kazi, simu ikanyamaza, na siku hizi hatajwi hata kwenye maombi kwa sababu aliondoka bila baraka za baba. Huenda yuko kazini. Huenda yuko kwenye kituo cha kungojea kurudishwa, bila pasipoti, kwa sababu mwajiri aliishika. Hatujui mpaka mtu aulize. Jumatano baada ya maombi nitakaa ofisini mpaka saa mbili usiku na karatasi. Njoo na tarehe ya simu ya mwisho, jina la ajenti, jina la mwajiri kama unalo, na kopi ya pasipoti au hata picha yake kwenye simu. Tutaandika barua kwa wizara ya mambo ya nje na kwa ubalozi, na nitazifuatilia mwenyewe. Majina yawe kamili, kama yalivyo kwenye pasipoti. Kama mnamwita Shiku nyumbani, mimi nataka lile la kwenye kitabu.