Flashi Ipo, Redio Kimya: Jinsi ya Kubadilisha Faili za Sauti na Video

Elimu ya dijitali kwa mkaazi

Taarifa nyingi za umma siku hizi huanzia ndani ya simu. Afisa wa kilimo hurekodi maelezo kuhusu viwavijeshi kwenye mahindi. Muuguzi hupigwa video akieleza ratiba ya chanjo. Karani wa wadi hutuma ujumbe wa sauti kuhusu kikao cha wananchi cha kujadili bajeti. Mwenye simu ya kisasa na bando hupata yote papo hapo. Asiye nayo hungoja mtu amletee kwa flashi, asikilize kwenye redio ya nyumbani, sabufa ya dukani, runinga ya zahanati au mashine ya DVD ya kanisa au madrasa.

Mara nyingi ujumbe hukwama hapo. Flashi inachomekwa, taa inawaka, kisha redio inanyamaza. Au picha inaonekana bila sauti. Watu waliokusanyika hutawanyika, na tarehe ya kikao inapita bila wao kujua. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Habari iliyofungiwa katika faili isiyocheza bado haijamfikia.

Baada ya somo hili utaweza:

1. Kueleza kwa nini faili inacheza kwenye simu lakini inakataliwa na redio au DVD.
2. Kubadilisha ujumbe wa sauti uwe MP3, na video iwe ya aina inayokubalika na kifaa chako.
3. Kuandaa flashi inayosomeka na vifaa vingi.

Kwa nini simu inacheza na redio inakataa

Chukulia faili ya video kuwa sanduku. Herufi za mwisho wa jina lake, kama .mp4, .avi au .mkv, zinakutajia sanduku tu. Ndani ya sanduku mna picha na sauti zilizobanwa kwa mtindo fulani ili zisichukue nafasi kubwa. Mtindo huo wa kubana huitwa kodeki. Kifaa kisichojua kodeki iliyotumika hakiwezi kuifungua, hata kama kinalitambua sanduku. Ndiyo maana video mbili zote zikiwa .mp4, moja yaweza kucheza vizuri na nyingine ikatoa sauti bila picha.

Simu na kompyuta hujifunza kodeki mpya kila programu zake zinaposasishwa. Redio, king'amuzi au mashine ya DVD kwa kawaida hubaki na kile kilichowekwa kiwandani. Angalia miaka: mashine za DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Kodeki ya H.264, ambayo hutumika sana katika video za simu, ilitoka mwaka 2003. Opus, inayotumika kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ilitoka mwaka 2012, na H.265 mwaka 2013. Mashine iliyotengenezwa kabla ya kodeki kuwepo haiwezi kuijua. Na hata iliyotengenezwa baadaye huenda haikuwekewa, ili bei yake iwe nafuu.

Kubadilisha jina si kubadilisha faili

Wengi huchukua faili iitwayo ujumbe.opus na kuiandika ujumbe.mp3, wakidhani kazi imekwisha. Hapo umebadilisha kibandiko cha nje tu, mzigo wa ndani ni ule ule. Kubadilisha faili ni kazi ya programu: inafungua kilichobanwa kwa mtindo mmoja, kisha inakibana upya kwa mtindo mwingine.

Kijue kifaa chako kwanza

Kabla ya kubadilisha chochote, soma maandishi yaliyo mbele ya kifaa, kwenye karatasi iliyokuja nacho au kwenye boksi lake. Kwa jumla:

- Redio ya flashi, sabufa na redio ya gari: tumia MP3. Ndiyo aina ya sauti inayokubalika na karibu vifaa vyote vya namna hii.
- Simu ya kabambe yenye kadi ya memori: tumia MP3 pia.
- Mashine ya DVD yenye tundu la USB: tafuta neno DivX au Xvid mbele yake. Likiwepo, tumia .avi yenye picha isiyozidi upana wa 720 na kimo cha 576, na sauti ya MP3.
- King'amuzi na runinga ya dijitali yenye USB: nyingi hukubali .mp4 yenye picha za H.264. Ving'amuzi vilienea nchini wakati Kenya ilipozima matangazo ya analogi kufikia mwaka 2015, na baadhi vina tundu la USB ambalo wenyewe hawajawahi kulitumia.

Zoezi la kwanza: ujumbe wa sauti kuwa MP3

Utahitaji kompyuta yenye programu ya VLC, ambayo ni ya bure.

1. Fungua WhatsApp Web kwenye kompyuta na upakue ujumbe wa sauti, au uhamishe kutoka kwenye simu kwa waya.
2. Fungua VLC. Bonyeza vitufe vya Ctrl na R kwa pamoja.
3. Bonyeza "Add" uchague faili yako, kisha "Convert / Save".
4. Kwenye orodha ya aina za faili chagua "Audio - MP3".
5. Chagua mahali pa kuihifadhi na uipe jina linaloishia na .mp3.
6. Bonyeza "Start" na usubiri hadi mwisho.

Kwa kipimo cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya sauti huchukua karibu MB 1. Mafunzo ya dakika 20 yatachukua karibu MB 19. Kwa maneno matupu bila muziki, kilobiti 64 zinatosha na faili inakuwa nusu ya hapo. Flashi ndogo ya GB 4 inaweza kubeba zaidi ya saa 60 za sauti ya kilobiti 128, kwa hivyo nafasi si tatizo.

Zoezi la pili: video

Kwa king'amuzi au runinga, programu ya HandBrake, nayo ya bure, ni rahisi zaidi. Fungua video, chagua mpangilio wa "Fast 720p30", hakikisha aina ya faili ni MP4, kisha bonyeza kitufe cha kuanza. Mpangilio huo hutoa picha za H.264.

Kwa mashine ya DVD yenye alama ya DivX, rudi kwenye VLC. Fuata hatua za zoezi la kwanza, lakini kwenye hatua ya nne chagua "Video for DivX compatible player", na umalizie jina kwa .avi.

Unapojirekodi mwenyewe, laza simu kwa upana. Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima huacha weusi mkubwa pande zote mbili za runinga, na walioketi nyuma hawaoni kitu.

Huna kompyuta? Nenda saiba ukiwa na ombi kamili. Ukisema tu "nitilie hii kwenye flashi", utanakiliwa faili ile ile isiyocheza. Sema hivi: "Naomba unibadilishie sauti hii iwe MP3 ya kilobiti 128," au "Naomba video hii iwe MP4 ya H.264, ukubwa wa 720."

Andaa flashi

Flashi yenyewe ina mpangilio wake wa kuhifadhi faili. Vifaa vingi vya zamani husoma FAT32 pekee. Flashi iliyopangwa kwa NTFS au exFAT yaweza kuonekana tupu hata ikiwa imejaa. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Format", kisha FAT32. Kumbuka kwamba kufanya hivyo hufuta kila kitu kilichomo, kwa hivyo hifadhi kwanza unachokihitaji. Flashi ya GB 32 au chini yake ndiyo rahisi kupanga kwa njia hii.

FAT32 haikubali faili moja inayofikia GB 4. Video ndefu igawanye vipande. Anza majina kwa nambari, kama 01_chanjo na 02_lishe, na unakili faili kwa mpangilio huo, maana baadhi ya redio hucheza kwa kufuata zilivyonakiliwa.

Tahadhari tatu

Kwanza, hifadhi faili ya mwanzo. Kila unapobana upya, ubora hupungua kidogo, na sauti iliyokuwa mbaya haitakuwa nzuri kwa kugeuzwa MP3.

Pili, kuna tovuti zinazobadilisha faili bila kuhitaji programu, lakini lazima kwanza uzipandishie faili yako. Rekodi ya mkutano wa chama, ya mgonjwa au ya mtoto isipelekwe huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu, nawe ukibeba sauti zao umebeba dhamana.

Tatu, badilisha kazi yako mwenyewe au ile uliyoruhusiwa. Kugeuza filamu au nyimbo za watu ili kuziuza ni kuvunja Sheria ya Hakimiliki.

Jaribu kabla ya siku

Faili ikicheza kwenye kompyuta, bado hujathibitisha lolote kuhusu redio. Peleka flashi kwenye kifaa chenyewe kitakachotumika, siku moja au mbili kabla. Sikiliza mwanzo, ruka katikati, kisha sikiliza mwisho. Kwenye video, angalia kama midomo na sauti vinakwenda pamoja. Sauti iwasikike walio nyuma.

Jipime

1. Video inatoa sauti kwenye king'amuzi lakini haina picha. Tatizo huenda ni nini?
2. Redio inasema flashi ni tupu, ilhali kompyuta inaonyesha faili kumi. Utakagua nini kwanza?
3. Jirani amebadilisha jina la faili kutoka .opus hadi .mp3 na haichezi. Utamweleza nini?

Majibu: 1. Kodeki ya picha haijulikani kwa kifaa, pengine ni H.265, ibadilishe iwe H.264. 2. Mpangilio wa flashi, kama ni FAT32. 3. Jina limebadilika lakini sauti ya ndani haijabadilishwa, atumie programu.

Ukishaweza, mfundishe mmoja katika kikundi chako. Kijiji chenye mtu mmoja anayejua kazi hii hakitakosa tangazo kwa sababu ya flashi.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano cha Kaunti