Samaki wa Kwetu Ndani ya Tangi la Kioo

1. Tangi kwanza, samaki baadaye. Tia maji, kokoto na sponji ya kuchujia, washa pampu ya hewa, dondosha punje chache za chakula kila siku, kisha subiri wiki nne hadi sita. Kwenye sponji huzaliana bakteria wanaovunja amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki na chakula kinachooza.

2. Maji ya bomba ya hapa Arua, Uganda, yana klorini. Yaache siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi.

3. Chagua wadogo. Kambare atalizidi tangi kwa ukubwa mapema, na kamongo anauma. Mimi nampendekeza Nothobranchius albertinensis, samaki wa urefu wa kidole aliyetambulishwa kisayansi mwaka 2020 kutoka bonde la Nile Albert. Dume ana rangi za kuvutia, jike amepauka. Huishi kwenye madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka wazazi hufa, mayai hubaki hai ndani ya tope hadi mvua irudi. Hata nyumbani unaweza kuwazalisha: weka bakuli la nyuzi za kumbi la nazi watage humo, kamua nyuzi, zifunge kwenye mfuko zikiwa na unyevu kidogo kwa miezi kadhaa, kisha zimwagie maji. Ukiona vitoto vikiogelea, hutalala kwa furaha! Chukua majozi machache tu, dimbwi libaki na mbegu.

4. Wasafirishe alfajiri, kwa maji ya dimbwi lao. Ukifika nyumbani, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima. Kama una samaki wengine, watenge wageni wiki tatu.

5. Samaki wa porini hukataa chakula cha dukani. Wape viluwiluwi vya mbu, kiasi watakachomaliza papo hapo, kabla havijawa mbu wa kukuuma wewe.

6. Umeme ukikatika, usiwalishe. Chota maji kwa jagi uyamimine kutoka juu, mara kwa mara.

7. Kabla ya kuvua, muone ofisa wa uvuvi wa eneo lako.

8. Ukichoka nao, mpe mfugaji mwingine. Usiwamwage kwenye mto wala ziwa lolote. Kumbuka ya sangara: ni mwenyeji wa Nile na Ziwa Albert. Lakini miaka ya 1950 alipandikizwa Ziwa Victoria, akachangia kuangamiza aina nyingi za furu ambazo hazikuwapo kwingine duniani.