Kwa Nini Watu wa Transijenda Wapatikana katika Jinsia Zote Mbili

Mtoto akizaliwa, mkunga humtazama mwili, kisha hutangaza: huyu ni mwana-mume, au huyu ni mwana-mke. Kwa watu walio wengi sana tangazo hilo halina shaka maisha yao yote. Lakini wako wachache ambao, wakiisha kupata akili, hujifahamu kuwa wa jinsia nyingine, wala si kwa mchezo, wala si kwa siku moja. Vitabu vya siku hizi huwaita watu wa transijenda. Nao wapatikana pande zote mbili, kati ya waliozaliwa wa kiume na kati ya waliozaliwa wa kike. Atakaye kufahamu asili ya jambo hili sharti aanzie hapo.

1. Mifano miwili

Michael Dillon alizaliwa London mwaka 1915, akaandikwa kuwa msichana. Mwaka 1939 alianza kutumia dawa ya homoni ya kiume, na mwaka 1944 cheti chake cha kuzaliwa kilisahihishwa. Tangu mwaka 1946 alipasuliwa mara nyingi na Harold Gillies, bingwa aliyepata sifa kwa kutengeneza nyuso za askari walioumizwa vitani. Dillon mwenyewe alisoma uganga, akafanya kazi katika meli. Magazeti yalipofichua habari zake mwaka 1958, alikimbilia India, akafa huko mwaka 1962.

Christine Jorgensen alizaliwa New York mwaka 1926, akaandikwa kuwa mvulana, akaitwa jeshini mwaka 1945. Mwaka 1950 alikwenda Copenhagen, mji mkuu wa Denmaki, akatibiwa na mganga Christian Hamburger. Desemba 1952 habari zake zilijaa magazetini. Yeye hakujificha, aliishi kama mwanamke mbele ya watu wote hata kufa kwake mwaka 1989.

Tena hao si wawili tu. Serikali ya Kanada ilipohesabu watu mwaka 2021, iliwauliza jinsia yao ya kuzaliwa na jinsia yao ya sasa. Kati ya wenye miaka 15 na zaidi, wanawake wa transijenda walikuwa 31,555, na wanaume wa transijenda 27,905. Pande hizo mbili zakaribiana.

2. Maelezo yasiyotosha

Wengine husema: mwanamke hutaka kuwa mwanamume ili apate heshima na uhuru wa waume. Kama ndivyo, mbona Jorgensen aliiacha heshima hiyo? Wengine husema: mvulana aliyelelewa na mama peke yake hugeuka. Kama ndivyo, Dillon alitoka wapi? Wengine tena hutaja uchawi. Ni mchawi gani awezaye kuwafikia maelfu ya watu wa Kanada, wasiojuana wala kuwa na ukoo mmoja? Sababu inayoeleza upande mmoja tu si sababu yenyewe.

Malezi nayo hayatoshi. Mwaka 1965 walizaliwa pacha wawili wa kiume katika mji wa Winnipeg, Kanada. Mmoja aliharibiwa kiungo chake katika kutahiriwa, na kwa shauri la bingwa John Money wazazi walimlea kama msichana. Walimvika nguo za kike, wakamficha habari. Hata hivyo hakukubali moyoni. Alipoambiwa ukweli mwaka 1980, alishika tena maisha ya kiume, akajiita David Reimer. Basi kufahamu jinsia si vazi ambalo wazazi humvika mtoto wapendavyo.

3. Mwili unavyojengwa

Mimba ikiwa na majuma sita hivi, viungo vya uzazi vya mwana-mume na vya mwana-mke havijatofautiana bado. Vyote vina mwanzo mmoja. Kisha, kwa kawaida, jeni iitwayo SRY, iliyogunduliwa mwaka 1990, huamsha kazi ya kutengeneza kende. Hizo hutoa homoni ya kiume, na mwili hufuata njia hiyo. Jeni hiyo isipokuwapo, mwili hufuata njia ya kike. Kazi hiyo yafanyika hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Ubongo lakini huendelea kujengwa muda mrefu baadaye.

Ndiyo maana baadhi ya mabingwa huona kwamba kazi hizo mbili, kwa kuwa hazifanyiki wakati mmoja, zaweza mara chache kutopatana. Na kwa kuwa watoto wote huanza na mwanzo mmoja, na kila mwili, wa kike na wa kiume, una homoni za namna zote mbili, kutopatana huko kwaweza kutokea upande wowote.

Mapacha wanaofanana kabisa huwa transijenda wote wawili mara nyingi zaidi kuliko mapacha wasiofanana. Basi urithi una sehemu yake. Hata hivyo hakuna jeni moja iliyoonekana kuwa ndiyo sababu. Mambo mengi hukutana.

4. Yafaayo kushikwa

Mama wa mtoto wa namna hiyo asilaumiwe, wala baba asitafute mchawi, wala mtoto asipigwe ili abadilike. Shirika la Afya Duniani limeliondoa jambo hili katika sura ya magonjwa ya akili. Orodha yake mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Mtoto akifukuzwa nyumbani, asili yake haigeuki. Ila hupoteza chakula, shule na ndugu.

Maswali

Mtu wa transijenda ni nani?
Ni yule ambaye jinsia anayoifahamu moyoni hailingani na ile aliyoandikwa alipozaliwa.

Kwa nini wapatikana pande zote mbili?
Baadhi ya mabingwa huona ni kwa sababu miili yote ina mwanzo mmoja tumboni, na kutopatana kwaweza kutokea upande wowote.

Je, malezi ya wazazi ndiyo sababu?
Sivyo, habari za David Reimer zaonyesha kwamba malezi peke yake hayawezi kuweka jinsia moyoni.

Jamaa wafanye nini?
Wamtunze mtoto wao kama watoto wengine wa nyumba.