NEPI IMTOSHE MTOTO

Mtoto mchanga hahitaji nepi kubwa. Mama mmoja alileta zahanati mtoto wa siku 6. Alikuwa amemvika nepi ya kaka yake. Nepi ilifunika kitovu, nacho kikalowa mkojo. Kilikuwa chekundu na kinanuka. Tulimtibu, akapona.

Najua nepi ya kurithi haina gharama. Lakini hata kanga kuukuu inatosha. Ifue kwanza. Upande mmoja hutoa vipande 6, kila kimoja kama sentimeta 50 kwa 50. Hizo ni nepi za mtoto mchanga. Akinenepa, kata vikubwa zaidi. Usihesabu miezi, tazama tumbo na mapaja yake.

Kunja kitambaa pembetatu. Mlaze mtoto juu yake, pitisha ncha moja katikati ya miguu, kisha funga. Ukingo wa juu ukae chini ya kitovu mpaka kipone. Vidole vyako viwili vipite kati ya nepi na tumbo. Visipopita, legeza. Miguu iweze kukunjwa na kutanuka kama ya chura. Ukitumia pini, weka mkono wako kati ya pini na mtoto, hata kama una haraka.

Ukiona alama mapajani, nepi inabana. Mkojo ukivuja miguuni wakati nepi haijalowa sana, imelegea.

Kitovu kikinuka, kikitoa usaha au kikiwa chekundu, usipake majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Mlete mtoto zahanati siku hiyo hiyo.